Kinagaubaga: namna ya kulitumia hili neno bila kujiumbua

Mi nina steshenari ndogo hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kompyuta 2 na printa moja inayokohoa, na watu wakipita wanadhani nauza madaftari na kalamu tu kumbe hela yangu kubwa iko kwenye kuchapa barua. Barua za vikundi, barua za matajiri wa mitumbwi, mihtasari ya vikao, maandiko ya kuombea mkopo wa halmashauri, malalamiko ya mpaka wa kiwanja, na mara mojamoja barua ya posa. Sasa katika kazi hii kuna neno naletewa karibu kila wiki na karibu kila wiki linaharibiwa kwa staili mpya: kinagaubaga. "Kaka weka hapo kwamba tumeeleza kinagaubaga." "Tia kinagaubaga, barua ionekane ya msomi." Nimeshalirekebisha mara nyingi mpaka nimechoka kuongea, bora niandike mara moja kuanzia mwanzo, anayetaka asome, asiyetaka aendelee kuandika kinagaubanga.

Hatua ya 1: Jua neno lenyewe limebeba nini

Kwa kifupi kinagaubaga ni waziwazi, kwa ukamilifu, bila kuficha kitu. Watu wengi wanaishia kwenye "kwa urefu" na hapo ndo makosa yote yanapoanzia, maana urefu hauko kabisa ndani ya hilo neno. Mtu anaweza kukuelezea jambo kinagaubaga kwa sentensi 3. Na mwingine akaongea kutoka Kirumba mpaka Kisesa ndani ya daladala na usitoke na kitu.

Hili nililielewa vizuri siku alipokuja mzee mmoja, tajiri wa mitumbwi ya dagaa. Kwa mgeni wa huku, tajiri ni mwenye mtumbwi, nyavu na injini, hata kama kwake jioni wanakula ugali na mlenda. Alikuja na kijana wake anayesimamia kambi visiwani, wanataka niwachapie hesabu ya mwezi. Mzee akakaa kwenye benchi, akaniambia mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, japo ilikuwa saa 8 mchana, akamwambia kijana haya mweleze mwandishi. Kijana akaanza. Akaeleza upepo wa wiki ya kwanza, akaeleza mwezi ulivyokuwa mkali (dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hawavutwi na taa kwa hiyo siku hizo watu wanalala tu wanaziba nyavu), akaeleza taa moja ya sola ilivyozingua, akaeleza nyavu ilivyonasa kwenye jiwe, akaeleza baharia mmoja aliyeumwa tumbo na ndugu yake aliyekuja kumchukua. Mi nimeshika kibodi nasubiri namba, namba haiji. Zilipita kama dakika 20. Mzee alikuwa anaangalia viatu vyake tu, mwisho akainua kichwa akasema taratibu, "Umeongea sana ng'wanawane (mwanangu). Sasa nieleze kinagaubaga."

Kijana akaanza tena na upepo.

"Upepo nimeusikia," mzee akamkata. "Ndoo ngapi?"

Basi hapo. Ile habari ya kwanza ilikuwa ndefu, ilikuwa na mambo mengi na inawezekana yote yalikuwa ya kweli, lakini kitu ambacho msikilizaji alikuwa anakitaka kilikuwa kimefunikwa na hayo mengi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama neno limekaa sawa, jaribu kulitoa na mahali pake weka "bila kuficha kitu". Sentensi ikisimama vizuri, liache. Ikichechemea, ujue ulikuwa unatafuta neno lingine, na hayo mengine tutayafikia.

Hatua ya 2: Liandike sawa, litamke sawa

Hii haina maneno mengi. Ki-na-ga-u-ba-ga, silabi 6, mkazo unakaa kwenye "ba" kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho. Andika neno moja, usilikate kati. Najua mtandaoni utaona "kinaga ubaga" kila mahali, mtu akikuandikia hivyo kwenye meseji usimgombeze, ila kwenye barua rasmi liunge. Makosa ninayoletewa kwenye karatasi za mkono ni kinagaubanga, kinaubaga, kinagabauga, na kuna mzee mmoja aliandika "kinaga na ubaga" kama vile ni watu wawili wamefungua duka. Yupo pia mdogo wake anaitwa kinaganaga, maana ni hiyohiyo, ila siku hizi humsikii sana.

Na usiitegemee kompyuta ikusaidie hapa. Ikiwa imewekwa lugha ya Kiingereza inapiga mstari mwekundu chini ya kila kitu, hadi chini ya "Yah", kwa hiyo mstari mwekundu kwetu ni mapambo.

Hatua ya 3: Liweke mahali pake kwenye sentensi

Kinagaubaga ni kielezi. Yaani linakieleza kitenzi, linasema hilo tendo la kueleza lilifanyika vipi. Kwa kuwa ni kielezi halibadiliki hata uwe na watu 100: alieleza kinagaubaga, walieleza kinagaubaga, tutaeleza kinagaubaga. Ile "ki" ya mwanzo inawadanganya watu wanadhani ni ngeli ya kiti na viti, wanaanza kulitafutia wingi. Nimeshaletewa "taarifa zote vinagaubaga". Nimeshaletewa na "kinagaubaga hiki cha mweka hazina". Hapana jamani, hakuna vinagaubaga, kama ambavyo hakuna vimyavimya.

"Maelezo ya kinagaubaga" inakubalika, ni sawa na kusema maelezo ya kina au maelezo ya wazi. "Kwa kinagaubaga" watu wanasema sana, mi nikikutana nayo hiyo "kwa" naikata kimyakimya na mteja hajawahi kunidai. Mtu hawi kinagaubaga, mtu anakuwa mkweli, muwazi, asiyepindisha, lakini huwezi kusema "mwenyekiti wetu ni kinagaubaga".

Sasa kuna mtego mmoja ambao hata walimu wanaingia. Kielezi kinapenda kukaa karibu na kitenzi chake, ukikipeleka mbali kinaolewa na kitenzi kingine. Ona hii nimeitoa kwenye muhtasari wa kikundi kimoja, nimebadilisha kidogo tu: "Katibu alieleza jinsi mweka hazina alivyotoa hela benki kinagaubaga." Nani alifanya kinagaubaga hapo? Inasomeka kama mweka hazina alienda benki akatoa hela kinagaubaga, mbele za watu, akizihesabu juu ya kaunta. Irudishe nyumbani kwake: "Katibu alieleza kinagaubaga jinsi mweka hazina alivyotoa hela benki." Imeisha hiyo. Sentensi ikiwa fupi unaweza kuliacha mwishoni, "walieleza matumizi yote kinagaubaga", haina shida, ila ikianza kuwa ndefu yenye vitenzi viwili vitatu lisogeze mbele.

Hatua ya 4: Lioze kwa kitenzi kinacholipenda

Linakaa na vitenzi vya mdomo na vya kuweka wazi: kueleza, kusema, kufafanua, kubainisha, kutamka, kuonyesha, kusimulia, kukiri. "Alikiri kinagaubaga" ni sentensi nzito sana hiyo, maana yake alisema kosa lake lote, halikubaki la kuulizwa.

Halikai na vitenzi vya kazi za mikono. Hulimi kinagaubaga, huchimbi kisima kinagaubaga. Halikai pia na shukrani, kuna barua niliandikiwa "tunamshukuru mgeni rasmi kinagaubaga", mteja aking'ang'ania kwamba maana yake ni "sana", ikabidi nimuulize kwani kuna sehemu ya shukrani mlikuwa mnataka kuificha?

Kuelekeza njia nako usilipeleke. Mgeni akikuuliza anafikaje Sengerema, unamwelekeza vizuri, basi: panda gari za Sengerema, mtapita Kigongo, pale zamani tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka kiti kinakuuma, sasa hivi mnapita darajani juu, daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, mkitokea Busisi si mbali tena. Hayo ni maelekezo mazuri. Kuyaita maelekezo ya kinagaubaga ni kulivisha neno koti la harusi kwenda nalo sokoni, maana njia hakuna aliyekuwa anaificha.

Hatua ya 5: Wajue ndugu zake ili usimtume huyu kazi ya yule

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi. Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza jambo likaeleweka na kila moja lina sehemu yake.

Kwa kina ni kuchimba chini. Mwalimu akifundisha kwa nini sangara walipandikizwa ziwani miaka ya 1950 kwenda 1960 na nini kikawapata furu, wale samaki wadogo wa ziwani, baada ya hapo, anaeleza kwa kina, anaenda kwenye mizizi. Hakuna siri pale, kuna undani tu. Kwa mapana na marefu ni kulizunguka jambo pande zote, na ukweli hili limeshachakaa kwa hotuba, mtu akisema ataongea kwa mapana na marefu watu wanaanza kutafuta maji ya kunywa. Bayana ni wazi, linaonekana, "imebainika", na bayana inaweza kuwa ya jambo moja dogo wakati kinagaubaga inataka jambo lote.

Tondoti ni hoja moja baada ya nyingine, mpangilio. Huku Mwanza sijawahi kulisikia mdomoni kwa mtu, nakutana nalo zaidi kwenye vitabu vya Kiswahili vya Kenya, ila ni neno zuri na kazi yake ni tofauti: unaweza kueleza jambo tondoti, namba 1 mpaka 9 zimepangana vizuri, na namba 6 ukawa umeiruka makusudi. Umepanga, lakini hujaeleza kinagaubaga.

Mchanganuo. Hili ndo la ofisini na ndo linalochanganywa zaidi. Vikundi vinavyoomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, vinaambiwa vilete andiko lenye mchanganuo. Mtu anakuja kwangu anasema wanataka tueleze kinagaubaga, anataka nimchapie kurasa za maneno. Mama, wanataka jedwali. Kitu gani, idadi ngapi, bei ya kimoja, jumla. Ukiandika aya 4 za kinagaubaga bila jedwali utarudishwa, na ukija na jedwali lililonyooka hawana haja ya hilo neno hata kidogo.

Mtaani tuna yetu. Nyoosha maelezo, hili ndo kinagaubaga la kijiweni, na tofauti yake ni kwamba lina amri ndani na kidogo lina ngumi. Funguka, hili ni la mtu aliyebanwa na jambo moyoni, unamwambia rafiki yako funguka, na huwezi kumwambia mweka hazina afunguke ukatarajia risiti. Dadavua, la mtandaoni, ni kuchambua kipande kwa kipande, na anayedadavua anaonyesha ujuzi wake, wakati anayeeleza kinagaubaga anaonyesha kilichomo. Na kama unataka kusema mtu hakufanya hivyo, tunayo: alizunguka mbuyu, alimung'unya maneno. Hayo mawili ndo kinyume chake hasa.

Halafu yupo huyu asiye ndugu kabisa ila sura zimefanana: kindakindaki. Kindakindaki ni wa asili, wa damu, mtoto wa ukoo, kama mtu akijisifu kwamba yeye ni mzaliwa wa Mwanza kindakindaki. Nasema kwa uchungu maana huyu alinipata mwenyewe. Ilikuwa saa 2 usiku, umeme unachezacheza, kikundi cha akina mama wauza dagaa wanataka barua yao kabla hawajaondoka, nikachapa haraka "mweka hazina ametueleza kindakindaki mapato na matumizi", nikaprinti, wakaondoka. Kesho yake ikasomwa kwenye kikao. Sijui nani alianza kucheka, ila walinitania mwezi mzima, wakipita na ndoo zao kichwani wanaita, "Kindakindaki, hujambo?" Na mi nafanyaje, naitika. Toka siku hiyo siprinti kitu kabla sijakisoma kwa sauti, na we fanya hivyo, jicho linadanganywa na maneno yanayofanana lakini sikio ni gumu kudanganyika.

Hatua ya 6: Ukishaliandika, lilipe

Neno hili ni kama kuandikisha deni. Ukishasema "naeleza kinagaubaga", msomaji anakaa mkao wa kupokea kila kitu, na anayeona pengo atalishika hilo pengo hata kama mengine yote ni mazuri. Kwa hiyo sentensi inayofuata lazima iwe na nyama.

Nitaweka mfano, hesabu ni za kutunga ila aina ya barua ni ya kweli, naziona kila siku:

"Kikundi kinapenda kueleza kinagaubaga kwamba fedha zilitumika vizuri katika shughuli mbalimbali za maendeleo ya kikundi na nyingine zilikumbwa na changamoto."

Soma tena. Hapo kuna "shughuli mbalimbali" na kuna "changamoto", haya mawili ndo maficho makubwa ya Kiswahili cha ofisini, ukiyaona yamekaa sentensi moja na kinagaubaga ujue kuna mmoja anadanganya. Sasa iwe hivi:

"Tarehe 3 tulitoa shilingi 900,000. Tulinunua magunia 6 ya dagaa kwa 90,000 kila moja, jumla 540,000, na usafiri 60,000. Magunia 2 yalilowa mvua, tukayauza kwa wafuga kuku kwa 30,000 kila moja, tukapata 60,000. Magunia 4 yako stoo hayajauzwa. Fedha taslimu inayotakiwa kuwepo ni 360,000. Kwenye sanduku kuna 310,000. Shilingi 50,000 alikopa mwenyekiti tarehe 9 na hajarudisha."

Umeona neno kinagaubaga halimo hata mara moja hapo? Na huhitaji kuliweka. Ila ukitaka kuliweka mwanzoni sasa hivi unaweza, limeshalipiwa.

Kilichonifanya nitunge mfano huu ni katibu mmoja, mama mtu mzima, aliyekuja na barua ya namna ile ya kwanza. Nikamuuliza kwa upole tu, kwa faida yake, "Mama, hizi zilizokumbwa na changamoto ni kiasi gani, ili tuandike?" Akageuka akaangalia nje kwenye barabara muda mrefu, bodaboda 2 zikapita, akavuta kanga yake begani. "Andika tu changamoto, mwanangu." Nikamwambia sawa mama, ila na hili neno la hapa mwanzo? Akaisogelea skrini, akalisoma kwa kidole, ki-na-ga-u-ba-ga. Akasema, "Basi hilo litoe."

Tukalitoa. Na mi nikamheshimu sana kwa hilo, maana barua ikabaki barua ya kawaida isiyosema mengi, ambayo zipo nyingi, na hakuna uongo uliochapwa kwenye kompyuta yangu siku ile. Kwa hiyo hii iandike kama sehemu ya hatua: kama kuna kitu huwezi kukisema, usiseme unaeleza kinagaubaga. Sema "tunatoa taarifa kwa ufupi". Ufupi hauna dhambi.

Hatua ya 7: Angalia unamwambia nani

Hili vitabuni halipo ila mtaani litakugharimu. Kinagaubaga lina shaka ndani yake. Ukimwambia mtu "nieleze kinagaubaga" umemwambia kwa mlango wa nyuma kwamba mpaka sasa hajaeleza, au kuna kitu amekalia. Linateremka vizuri, mzee kwa kijana, tajiri kwa msimamizi wake, wanachama kwa viongozi wao. Ndo maana kwenye habari utasikia wananchi wamemtaka mwenyekiti aeleze kinagaubaga, wale ni wengi na hela ni zao. Kupanda nalo ndo shida. Huwezi kumwambia baba mkwe wako "baba naomba unieleze kinagaubaga kuhusu hizi ng'ombe" hata kama hesabu ya ng'ombe inabadilika kila kikao, hapo mahari inaweza ikaongezeka ukiwa umesimama. Kwa mkubwa unasema: "Baba, hapa sijapaelewa vizuri, naomba unifafanulie tena." Umejitwisha wewe ujinga, yeye anabaki na heshima yake, na maelezo unayapata yaleyale.

Kwa mwenzako wa ndani ya nyumba, saa 6 za usiku, akiwa ndo anaingia, neno hili ni fujo. Tumia "umechelewa leo, vipi?"

Kuna sehemu moja ambapo mdogo anaweza kulipandisha kwa mkubwa na likapokelewa, kwa daktari. "Daktari, nieleze tu kinagaubaga" maana yake niko tayari, usinifiche, na pale shaka inageuka kuwa ruhusa. Lakini akikuambia yeye kwanza, "nitakueleza kinagaubaga", vuta kiti.

Na kujisemea mwenyewe? "Nitaeleza kinagaubaga" ni ahadi, sawa. "Nimeeleza kinagaubaga" ni kujipa maksi mwenyewe, waachie wengine wakusemee. Isipokuwa umeulizwa jambo lilelile mara ya 4 na umechoka, hapo "nilishaeleza kinagaubaga" ni haki yako.

Hatua ya 8: Kwenye muhtasari wa kikao kuwa makini mara mbili

Makatibu wanalipenda sana kwenye mihtasari kwa sababu linafupisha kazi, badala ya kuandika mweka hazina alisema nini wanaandika "mweka hazina alieleza kinagaubaga mapato na matumizi, wajumbe wakaridhia". Haya, mwaka ujao ugomvi umeanza, hela hazionekani, karatasi inaletwa, na karatasi inasema mlielezwa kila kitu bila kufichwa mkaridhia mkasaini. Utajiteteaje? Ile sahihi yako pale chini inasema hukuwa na swali.

Kwa hiyo ukiwa katibu fanya hivi: andika alichosema, namba zake, tarehe zake, na aliyeuliza swali na alivyojibiwa, halafu hukumu ya kwamba ilikuwa kinagaubaga au hapana mwachie anayesoma. Ukiwa mjumbe na umeletewa muhtasari wenye hilo neno peke yake bila namba chini yake, usisaini. Sema kwa adabu, "mwenyekiti, naomba tuambatanishe yale maelezo." Kama yalitolewa kweli hayawezi kukosekana.

Yule mzee wa mitumbwi, kumalizia ile ya kwanza, walikaa na kijana wake kwenye benchi langu karibu saa nzima, kijana akitoa kikaratasi hiki mfukoni na kile kwenye simu, mi nachapa. Ndoo zikapatikana. Mafuta yakapatikana. Siku 5 za mbalamwezi ambazo mabaharia walikula bila kuvua zikaandikwa na kilo za unga walizokula. Ikatoka karatasi moja na nusu, mzee akaisoma yote mpaka chini, mdomo unatembea taratibu, akaikunja akaweka mfuko wa shati. Akaniuliza, "Na wewe, shilingi ngapi?"

Nikamwambia mzee wangu, kazi ya leo ilikuwa na mambo mengi, tumekaa muda mrefu, unajua na bei ya karatasi imepanda, na wino nao, na umeme...

Akanyanyua kidole.

"Elfu 2," nikasema.